Kijana na ndinga ya spoti: nani hasa anaifaidi?

Leo tuweke kando siasa za majukwaani tuongelee siasa ya mfukoni, maana na hiyo nayo ni siasa, tena ndiyo inayotukosesha usingizi wengi wetu.

Kuna dogo mmoja wa mtaani kwetu Tabata, anauza simu Kariakoo. Ana miaka 24. Wiki iliyopita alinifuata kijiweni na simu mkononi, kioo kimejaa picha ya Subaru Impreza WRX ya mwaka 2005, rangi ya bluu, ile yenye tundu la hewa kwenye boneti. Gari ipo Japani, kwenye moja ya zile tovuti za magari ya mitumba ambazo vijana wa Bongo tunazijua kuliko tovuti ya Baraza la Mitihani. Bei pamoja na meli mpaka bandari ya Dar: dola 6,000. Dogo ana milioni 18 za kwake mwenyewe, kazihangaikia miaka mitatu. Akaniambia: "Braza, dola 6,000 ni kama milioni 15. Nabakiwa na milioni 3 za kodi na namba. Mwezi wa sita nakupitia tunaenda Bagamoyo."

Sikumkatisha tamaa pale pale. Nilimwomba siku mbili nikae na kalamu. Haya ninayoandika ni yale niliyoyapata kwenye hizo siku mbili, nayaweka hapa kwa sababu najua huyu dogo hayuko peke yake. Kila mtaa una wa kwake.

Tuanze na pale ambapo vijana wengi wanapigwa bao bila kujua, yaani kodi. Ile bei ya kwenye tovuti ni bei ya gari iliyofika bandarini. Kuitoa bandarini ni habari nyingine kabisa. Na kabla hujapiga hesabu yoyote jua kwamba TRA hawalazimiki kuamini risiti yako. Wana kikokotoo chao cha magari yaliyotumika, kipo wazi kwenye mtandao wao, unaingiza aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini, kinakuletea thamani wanayoitambua wao. Ukiwa umebahatika kupata gari kwa bei ya kutupa huko Japani, bahati hiyo inaweza kuishia kwenye geti la bandari.

Sasa tuseme TRA wamekubali hizo hizo dola 6,000. Natumia viwango vilivyokuwepo hadi mwaka 2024. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, hiyo ni dola 1,500. Jumla inakuwa 7,500. Juu ya hiyo 7,500 kuna ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: hadi cc 1,000 hakuna kitu, kati ya cc 1,000 na 2,000 asilimia 5, zaidi ya hapo asilimia 10. WRX ina cc 1,994, imepenya kwenye asilimia 5 kwa cc sita tu, hiyo ni dola 375. Halafu kuna ule ushuru wa uchakavu. Gari ya miaka 8 hadi 10 inalipa asilimia 15, ikizidi miaka 10 inalipa asilimia 30. Ya dogo ni ya 2005, kwa hiyo 30, dola 2,250. Ukishajumlisha vyote hivyo unafika 10,125, na hapo ndo VAT ya asilimia 18 inakuja kukaa juu ya kila kitu, pamoja na juu ya kodi zilizotangulia: dola 1,822 na senti.

Jumlisha hizo kodi peke yake: dola 5,947. Kwa dola moja shilingi 2,500, ili hesabu iwe nyepesi, ni karibu milioni 15. Hapo sijaweka tozo ya reli, ada za forodha, gharama za bandari, wakala wa kutoa gari, namba na bima. Yaani dogo anadhani amebakiwa na milioni 3, kumbe amepungukiwa milioni 12 na zaidi. Gari ya milioni 15 inafika Tabata ikiwa imegharimu milioni 30.

Nilipomwonyesha aliangalia karatasi muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo nililipenda sana: "Kwa hiyo serikali nayo inanunua gari kama hii, ila mimi ndo namlipia?" Ndiyo mdogo wangu. Umeielewa.

Najua watu watasema hata kibebi woka kinalipa kodi hizo hizo. Kweli kabisa. Toyota IST ya cc 1,300 nayo iko kwenye asilimia 5, nayo imeshazeeka inalipa 30 ya uchakavu. Asilimia ni zile zile. Lakini asilimia 100 ya kitu kidogo unaweza kuikopa kwa mjomba. Asilimia 100 ya kitu kikubwa inakula mtaji.

Na hapa niseme neno kuhusu huo ushuru wa uchakavu, maana hili si la dogo tu, ni la nchi. Hoja yake ni kwamba magari chakavu yanachafua hewa, yanasababisha ajali, tusigeuzwe jalala. Hoja nzuri. Lakini kijana wa miaka 24 hana uwezo wa gari ya miaka mitano. Atanunua ya miaka 15 au 20, na ndiyo inayotozwa zaidi. Mwenye nazo analeta gari mpya mpya na ushuru huo haumgusi. Wenzetu wamechagua njia nyingine. Kenya hairuhusu kabisa gari lililozidi miaka 8, basi WRX ya dogo isingetia mguu Mombasa. Tena Julai 2023 Kenya ilipandisha ushuru wa forodha wa magari kutoka asilimia 25 hadi 35. Uganda tangu 2018 imefunga mlango kwa magari ya miaka 15 na zaidi. Sisi mlango tumeuacha wazi ila tumeweka kiingilio. Unaingia, halafu unagundua kiingilio ni sawa na bei ya nyumba ya vyumba viwili kule Chanika, haijapigwa plasta.

Haya, tuseme kwa miujiza gari imetoka. Dogo anakaa Tabata, kazi Kariakoo, lakini kila siku ana mizunguko yake, mara Mbezi kwa wateja, mara Mwenge. Tuweke kilomita 40 kwa siku. WRX ya 2005 ina injini ya turbo ya nguvu za farasi 250. Kwenye foleni ya Dar, unasogea mita tano unasimama, gari ya namna hiyo kukupa kilomita 6 au 7 kwa lita ni hisani. Hiyo ni lita 6 kwa siku. Bei ya petroli kama unavyojua EWURA hutangaza kila mwezi, inapanda inashuka, tuweke shilingi 3,000. Ni shilingi 18,000 kwa siku. Siku 26 za kazi, shilingi 468,000 kwa mwezi.

Sasa weka hiyo namba pembeni ya nyingine. Mei Mosi 2025 kule Singida, Rais Samia alitangaza kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai mwaka huo. Ukumbi mzima wa mitaa ulishangilia. Basi tanki la WRX linameza mshahara huo karibu wote, na hapo hujabadilisha oili. Ni kama umemwajiri mtumishi wa umma ambaye kazi yake ni kukaa chini ya boneti.

Na kwenye kila lita hiyo kuna mkono wa serikali tena. Wengi tumesahau kwamba mwaka 2017 ilifutwa ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari, tukashangilia, ikaongezwa shilingi 40 kwenye ushuru wa kila lita. Mwaka 2023 ikaongezwa 100 nyingine kwa lita. Siilaumu serikali kwa hilo, barabara hazijijengi. Ninachosema ni kwamba mfumo wenyewe umegeuka: zamani mwenye gari alilipa kwa kumiliki, sasa analipa kwa kunywa. Na gari ya spoti ni mlevi.

Petroli yenyewe nayo si swala la bei tu. Injini hizi za turbo za Kijapani zilitengenezwa zikitegemea mafuta ya oktani ya juu, kule kwao kuna pampu yake maalumu. Ukiijaza mafuta ya kawaida kila siku na mguu wako ni mzito, mafuta yanawaka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na siku moja injini inanoki. Muulize fundi yeyote Gerezani, atakuambia Subaru zilizoletwa kwa kamba ni ngapi.

Hili la fundi nalijua kwa machungu. Mshikaji wangu tuliyesoma naye alinunua Subaru ya turbo kwenye yadi hapa hapa mjini, hakutaka habari za bandari. Alilipa nusu, nusu nyingine kila mwezi, kadi ya gari imebaki kwa mwenye yadi mpaka amalize. Miezi minne raha mustarehe. Tulikwenda nayo Morogoro na kurudi siku moja, nakiri nilifurahi kuliko yeye. Mwezi wa tano ikaanza kula maji. Fundi wa kwanza akasema rejeta. Akabadilisha rejeta. Fundi wa pili akasema thamostati. Akabadilisha. Wa tatu ndo akasema ukweli, gasketi ya silinda hedi imekwenda. Injini ya Subaru imelala, silinda zinatazama ubavuni kushoto na kulia, kwa hiyo kuifikia gasketi hiyo mafundi wengi wanashusha injini nzima chini. Wakati huo gari ilishachemsha mara nyingi, hedi zimepinda. Akaambiwa bora atafute injini ya mtumba Ilala. Na kila mwisho wa mwezi mwenye yadi anataka hela yake, haijalishi gari inatembea au imeinama chini ya mwembe.

Jamaa alilipia gari isiyotembea miezi saba. Akakopa kwenye simu kulipa yadi. Akakopa kwingine kulipa mkopo wa simu. Mnaijua hii mikopo ya kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni, lakini kwa jamaa yangu ilikuwa imeshachelewa, wenye mikopo walishapiga simu kwa mama yake, kwa bosi wake, mpaka kwa mchumba. Mchumba ndo kwanza alikuwa hajui kwamba gari ina deni. Sitaendelea na upande huo.

Tukiacha fundi, tuje barabarani. Nguvu za farasi 250 unazitumia wapi? IST ina kama 87 na ndiyo inayokupita kwenye foleni ya Buguruni kwa sababu dereva wake hana cha kupoteza. Kwenye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Toka Ubungo mpaka Chalinze hesabu vibao, hesabu matuta, kisha hesabu askari wenye tochi waliojificha nyuma ya miti. Faini ni 30,000 kwa kosa. Gari ya chini yenye bampa ya kugusa lami ikikutana na tuta la Kibongo, lile lililojengwa na wananchi wenyewe baada ya mtoto kugongwa, inalia kama mbuzi wa sikukuu.

Hapo kwenye mtoto kugongwa nisipite haraka. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Yaani rika letu hili. Gari ambalo limebuniwa ili likimbie, mikononi mwa mtu aliyepata leseni juzi, usiku, anatoka kwenye bata na washikaji watatu nyuma wanaosema "kanyaga bana". Sihitaji kutafuta takwimu za Tanzania kujua hiyo hadithi inaishaje, na wewe huhitaji. Kila mmoja wetu ana jina la mtu.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana nikiishia hapo nitakuwa nimeandika kama mchungaji.

Siamini kwamba vijana wanaotaka gari za spoti ni wajinga. Hii lawama ya "vijana wa siku hizi wanapenda starehe" mara nyingi unaisikia kutoka kwa mtu anayeshuka kwenye shangingi la V8, dereva analipwa na serikali, mafuta ya serikali, na yeye mwenyewe hajui lita moja ni shilingi ngapi. Huyo akimwambia dogo wa Kariakoo abane matumizi, mimi nitacheka. Milioni 18 za dogo hazikutoka kwa mlipa kodi.

Halafu gari Bongo si chombo cha usafiri tu. Ukifika kwenye ofisi ya mtu kwa daladala, jasho limekuchora mgongoni, mlinzi anakuuliza unamtaka nani na una miadi. Ukifika na gari anafungua geti kabla hujapiga honi. Benki ni hivyo hivyo, ukweni ndo usiseme. Hiyo heshima ina thamani ya fedha, tusidanganyane. Diamond alipoingiza Rolls-Royce Cullinan mwaka 2021 mji mzima ulijadili wiki nzima. Kwa msanii hayo ndiyo matangazo, jina lake ndilo duka lake. Gari inafanya kazi. Ila dogo wangu anauza kava za simu na chaja. Mteja wa chaja ya shilingi 10,000 haji dukani kuangalia umepaki nini nje, tena akiiona WRX anaweza kudhani ndiyo maana chaja imepanda.

Na kuna mapenzi. Hili wachumi hawalipigii hesabu. Watu wa Afrika Mashariki hatukuipenda Subaru kwa sababu ya matangazo. Tuliipenda kwa sababu tuliiona kwenye vumbi. Wazee wa Kenya watakusimulia Patrick Njiru akipita na Subaru kwenye Safari Rally miaka ya 90. Mwaka 1997 Colin McRae akaishinda Safari kwa Impreza, ya bluu hiyo hiyo. Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, Naivasha ilijaa vijana ambao mwaka 1997 hawakuwa wamezaliwa, na maegesho yalijaa Subaru. Mtu anayeipenda mashine, anayejua sauti ya injini yake, anayeweza kuifungua Jumamosi na kuifunga Jumapili, huyo sina la kumwambia. Huyo gari ni shule yake. Mafundi wazuri wengi wa mji huu walianza na gari mbovu waliyoipenda.

Kwa hiyo swali langu kwa dogo halikuwa kama anastahili. Anastahili. Swali lilikuwa gari hiyo atailipa na nini.

Kuna tofauti moja kubwa ambayo haionekani kwenye picha za mtandaoni. IST ukiinunua leo, mwakani ukishikwa na shida unaiuza kwa wiki moja, tena kwa bei isiyo mbali sana na uliyonunulia, kwa sababu kila mtu anaitaka: mwalimu, dereva wa mtandao, dada anayeanza kazi benki. Kodi ikipanda bandarini, hata iliyopo mtaani inapanda thamani. IST ni kama akiba yenye magurudumu. WRX ya gia za mkono, ya turbo, ya miaka 20, anayeitaka ni kijana mwingine kama wewe, na yeye hana hela. Mwenye hela anataka Prado. Basi ukishikwa na shida utaitangaza kwa milioni 28, wiki ya tatu 24, mwezi wa tatu atakuja dalali na 15 taslimu, ataizunguka akigonga bodi kwa kidole, na wewe utakuwa unazihitaji jioni hiyo hiyo. Gari hii unaweza kuinunua siku yoyote, kuiuza ndo kuna msimu wake.

Na bima. Bima kubwa kwa gari binafsi kwa kawaida ni kama asilimia 3.5 ya thamani, pamoja na VAT. Kwa milioni 30 hiyo ni zaidi ya milioni moja kwa mwaka, kama watakubali, maana usishangae kampuni ikikuambia gari ya umri huo haiikatii bima kubwa. Utabaki na ile ndogo, inayomlipa uliyemgonga na si wewe. Milioni 30 zako zinalala nje ya geti Tabata na ulinzi wake ni mbwa wa jirani. Sait mira za Subaru zinavyopendwa mnajua wenyewe.

Nikipanga yote hayo naona mtu mmoja tu ambaye ningemwambia nunua, tena haraka kabla kodi haijapanda tena: yule ambaye akiinunua, bado ana fedha nyingine kama hiyo imelala, na hadaiwi na mtu. Injini ikinoki mwezi wa kwanza, anauma meno, analipa, biashara inaendelea. Umri sio hoja. Nawajua wenye miaka 23 wanaoweza hilo, wachache, na nawajua wenye miaka 50 wasioweza ambao wameshainunua. Kwa mkopo wa mshahara, kwa kadi kubaki yadi, kwa kuuza kiwanja cha marehemu baba, kwa mtaji wa duka, hapana. Pale umeajiriwa na gari. Unaamka asubuhi kuitafutia chakula.

Mtaji wa duka ndo uliokuwa hatarini kwa dogo, hilo hakulisema mwanzoni. Nilipombana akakiri kwamba kati ya zile milioni 18, kumi na moja ni mzigo. Ni hela ya kwenda kununulia simu, inayozunguka kila baada ya wiki tatu. Akiitoa, duka linabaki na makabati na feni.

Nikamwambia hivyo hivyo nilivyoandika hapa. Akakaa kimya. Halafu akaniuliza kitu ambacho mpaka leo sijakijibu vizuri: "Sasa braza, nisubiri mpaka nifike miaka 45, na kitambi, ndo nikae kwenye WRX? Hapo nitakuwa naenda wapi?"

Wadau, kwa kweli aliniweza. Kwa sababu ni kweli kuna raha ambazo zina umri wake, na nchi yetu imepangwa kiasi kwamba ukizipata fedha, muda wa raha umeshapita. Mzee mwenye uwezo wa gari ya spoti anaogopa mgongo. Nilijikuta namwambia kuhusu kukodi gari kwa wikiendi moja, akaniangalia kama nimemshauri akodi mchumba.

Tuliachana hapo. Hakununa, ila hakuniaga vizuri.

Jumapili usiku simu yangu ikaita mlio wa ujumbe. Picha. Toyota Altezza ya 2001, nyeupe, cc 1,998, imepaki mbele ya ghala huko Nagoya, jua linaiwakia ubavuni. Chini yake kaandika: "Hii je? Halafu safari hii mzigo sijaugusa." Nikakaa kitandani, nikafungua kikokotoo cha TRA.